Mama Mkwe Ndani ya Lifti Namba Mbili

Msinitazame hivyo. Najua niliwaacha vibaya wiki iliyopita, mlango wa lifti ndiyo kwanza unafunguka, na mimi nikafunga mdomo. Haya, sogeeni. Mlango umefunguka wote.

Ndani ya lifti alisimama mwanamke mwenye wigi jekundu, miwani myeusi usoni, na kucha ndefu nyekundu zinazometameta kama taa za dukani.

Baba Pacha alimtazama mara ya kwanza kama anavyomtazama mgeni yeyote wa hoteli. Mara ya pili akatazama miguuni. Vile viatu vya kisigino kifupi, vyenye kifungo pembeni, alivinunua yeye mwenyewe, kwa sababu ya magoti ya mwenye kuvivaa.

"Mama?"

"Mama yako nani?" yule mwanamke akajibu kwa sauti ya puani. "Umenifananisha, kaka."

"Mama mkwe, hivyo viatu nimekununulia mimi."

Wigi likainama, likavitazama viatu.

Kwa aliyekuwa safarini wiki zote hizi, nimweke sawa upesi. Baba Pacha ni fundi wa lifti. Mkewe, Mama Pacha, anasimamia chumba cha kufulia nguo hospitalini. Miaka kumi na moja ya ndoa hawajawahi kukaa siku mbili peke yao, na sasa wamekuja hoteli ya kasino iliyo mtaa wa tatu tu kutoka kwao. Ni karibu hivyo: ukisimama dirishani ghorofa ya tano, unaiona kamba yao ya kuanikia nguo.

Masharti aliyaweka mke. Simu zote mbili zikae mkobani mwake, na saa ya mumewe pia. Lifti marufuku, wao ni ngazi kupanda, ngazi kushuka. Na mkobani mle mna bahasha. Ninyi mnajua kilichomo, mumewe hajui: hospitali mpya ya mji mwingine inamtaka Mama Pacha akawe mkuu wa ufuaji, na jibu linatakiwa leo Jumamosi kabla ya saa sita mchana.

"Saa tano na nusu tukae kando ya bwawa," alimwambia mumewe asubuhi. "Nina jambo. Usipokuja, nitaamua mwenyewe."

Sasa ilikuwa saa tano na robo. Ngazi zilikuwa hatua nane tu mbele ya Baba Pacha. Lakini lifti iliguna kule ndani ya ukuta, na fundi akabonyeza kitufe. Alitaka kuisikiliza tu. Kusikiliza hakukukatazwa, alijiambia.

Na aliyeletwa na kitufe chake ni huyu.

"Mama, watoto wako wapi?"

Ndilo swali lenyewe. Tangu jana jioni Mama Mkwe ndiye aliyeachiwa pacha.

"Wako salama."

"Salama wapi?"

"Mahali salama. Punguza sauti, watu watadhani tunagombana."

"Na Jumamosi zote hizi ulizosema unakwenda kumuuguza dada yako?"

"Dada yupo chini. Ananishikia kiti changu kwenye mashine ya kamari."

Baba Pacha alishika ukuta. Miaka miwili amekuwa akimpelekea mgonjwa yule machungwa na maziwa ya unga. Mama Mkwe akirudi akisema "Leo dada kaamka vizuri," nyumba nzima hufurahi. Akisema "Leo dada hali mbaya," pacha hukaa kimya, na mama yao humpa bibi pesa ya dawa. Kumbe aliyekuwa akizidiwa na kupata nafuu ni mashine!

"Nilikuwa napanda ghorofa ya sita," Mama Mkwe alijitetea. "Sisi wa kila wiki tunapewa chai ya bure. Sikujua mpo hapa. Hukusema ni hoteli gani, ulisema ni siri ya kumfurahisha mwanangu. Sasa lawama zangu zinatoka wapi?"

Kabla Baba Pacha hajapata jibu, mlango wa chumba ukafunguka kule mwisho wa ukumbi.

"Baba Pacha! Umeshafika kwenye ngazi?"

Mama Pacha alitoka na gauni lake jipya, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Mama Mkwe aliisikia sauti ya mwanawe. Mkono wenye kucha nyekundu ukachomoka, ukamkamata mkwewe kwenye ukosi wa shati, ukamvuta ndani kama mzigo wa sokoni. Kisha akabonyeza kitufe cha kushuka, akausukuma mlango kwa mikono yote miwili ujifunge.

"Mama, usiusukume! Huo mlango una—"

Ulikuwa umefungwa.

Na Mama Pacha alikuwa ameona. Hakuona uso. Hakuona wigi. Alichoona ni mkono wa mwanamke mwenye kucha nyekundu ukimvuta mumewe ndani ya lifti, na mumewe akienda.

* * *

Lifti ilishuka nusu ghorofa. Ikatikisika. Ikasimama.

Feni ya juu ikaacha kuzunguka. Taa ikabaki.

"Ndiyo imefika?" Mama Mkwe aliuliza.

"Haijafika popote. Tumekwama."

"Basi tengeneza. Si kazi yako?"

Baba Pacha alibonyeza kitufe cha kengele ya dharura. Kimya. Akabonyeza tena, akakishikilia mpaka kidole kikauma. Kimya vilevile.

Mama Mkwe alivua miwani myeusi, akatoa miwani ya kusomea, akasogea kwenye fremu ya plastiki iliyobandikwa ukutani. Ana tabia hiyo, hawezi kuona karatasi asiisome.

"'Ukaguzi wa lifti namba mbili,'" alisoma kwa sauti. "'Kufuli za milango: sawa. Kengele ya dharura: sawa. Imekaguliwa Alhamisi.' Mkwe wangu, hii saini si yako? Ina mkia kama ule ulioweka kwenye cheti cha ndoa."

"Ni yangu."

"Sasa kengele iko sawa kwa nani?"

Alhamisi, jamani. Alhamisi ile Baba Pacha alikuwa juu ya paa la lifti hii hii. Aliiona kufuli ya mlango wa ghorofa ya tano imechoka, ukiusukuma kidogo inaachia na lifti inasimama. Kuibadilisha kulihitaji saa tatu. Waya wa kengele aliuchomoa mwenyewe, maana kila akijaribu kitu ilikuwa inalia na wageni wa kasino wanalalamika. Akauzungushia utepe mweusi ili aurudishe akimaliza.

Hapo ndipo Meneja wa hoteli alipochungulia kutoka chini, kasimama na kalamu mkononi.

"Fundi, ukinisainia leo, lile jambo letu liko palepale. Chumba cha ghorofa ya tano, wikendi nzima, wewe na mama watoto."

Na ilikuwa saa kumi na nusu. Na alikuwa amemwahidi mkewe kurudi mapema, wafunge mizigo pamoja. Kufuli itasubiri Jumatatu, alijiambia. Akashuka, akasaini, akakimbia nyumbani. Waya wa kengele ukabaki juu pale na utepe wake mweusi.

Sasa ulikuwa juu ya kichwa chake, upande wa pili wa bati. Angekuwa na bisibisi angeufikia. Bisibisi iko nyumbani, ndani ya mfuko wa vifaa aliokatazwa kuja nao.

"Mama, nipe simu yako."

"Nimewaachia watoto. Mama yao akipiga, wapokee wao, waseme bibi yuko bafuni."

"Siku nzima bafuni?"

"Mimi ni mtu mzima. Wanaelewa."

"Saa ngapi sasa?"

"Sina saa. Kule chini hawaweki saa ukutani, wala dirisha hakuna. Ndiyo raha yake."

Baba Pacha aliupiga mlango kwa kiganja. Akaita. Sauti ikazunguka humo humo ndani, ikamrudia.

"Saa tano na nusu natakiwa niwe bwawani," alisema, sasa jasho linamtoka. "Ana bahasha. Amesema nisipofika ataamua mwenyewe, na mimi hata sijui anaamua nini."

"Mimi najua."

Baba Pacha aligeuka taratibu.

"Unajua nini, mama?"

Mama Mkwe aliangalia kucha zake. Akavuta pumzi, akamwaga lote. Hospitali mpya. Ukuu wa ufuaji. Mji wa mbali, safari ya saa saba kwa basi. Leo saa sita mchana ndiyo mwisho.

"Na mimi mumewe sikuambiwa?"

"Amejaribu mara nne. Mara ya kwanza uliinuka mezani na tonge mkononi, lifti ya benki imekwama. Mara ya pili uliitikia 'mmh, mmh', akakuuliza nimesema nini, ukasema habari za mafua ya mtoto. Ya tatu ulisinzia. Ya nne alikuandikia kwenye karatasi, wewe ukaigeuza nyuma ukachora mchoro wa puli ya lifti."

Baba Pacha aliukumbuka ule mchoro. Ulitoka vizuri.

"Na wewe ulimshauri nini?"

"Aende."

"Mama!"

"Nilimwambia aende. Usinikodolee macho. Kila nikija kwenu jioni namkuta mwanangu anakula na redio. Redio angalau inamwambia mvua itanyesha lini."

Maneno hayo yalimwingia Baba Pacha, yakakaa. Aliteleza chini, akaketi sakafuni, mgongo kwenye karatasi yenye saini yake.

* * *

Mama Pacha alishuka ghorofa tano kwa ngazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, amedhamiria jambo moja: mlango wa lifti ukifunguka chini, amkute yule mwanamke macho kwa macho.

Alisimama mbele ya lifti namba mbili. Taa ya juu ilionyesha tano. Akasubiri. Tano. Akahesabu mpaka mia moja. Tano.

"Dada," alimwita binti wa mapokezi, "hii lifti yenu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Imekaguliwa juzi." Binti alitoa nakala ya karatasi ya ukaguzi, akaiweka juu ya meza. Binti huyu ni mpya, ni wa zamu za wikendi, na anapenda kila kitu kiwe na karatasi. "Hii hapa, na fundi amesaini."

Mama Pacha aliitazama ile saini. Mkia wake aliujua kuliko sura yake kwenye kioo.

"Mpigie huyo fundi," alisema polepole. Alitaka uhakika.

Binti akabonyeza namba. Simu ikaanza kulia.

Ilikuwa inalia mkobani mwa Mama Pacha.

Wakatazamana. Binti akakata, simu ikanyamaza. Akapiga tena, mkoba ukalia tena. Mama Pacha akaitoa simu ya mumewe, akaipokea, huku kila mmoja amesimama hatua moja tu kutoka kwa mwenzake.

"Halo," alisema binti wa mapokezi. "Ni fundi wa lifti?"

"Fundi hayupo," alisema Mama Pacha. "Unaongea na mkewe." Simu ikatoa mlio wa chaji kwisha, ikazima.

Uso wa binti ukachangamka. "Aa, basi ninyi ndio wa chumba mia tano na saba! Ile zawadi ya Meneja! Alisema tuwahudumie vizuri, kwa sababu fundi aliiwahisha kazi ya Alhamisi."

"Zawadi?"

"Si chumba mmepewa bure?"

Jamani. Mumewe alimwambia amejinyima miezi sita kwa ajili ya chumba hiki. Alimwambia wakiwa kwenye ngazi, akihema, begi begani, na yeye Mama Pacha akasimama hapo hapo ghorofa ya tatu akamfuta jasho kwa kiganja chake.

Saa ya ukutani, maana mapokezi wanayo, ilisema saa sita kasoro dakika ishirini.

Angeweza kwenda bwawani akakaa. Angeweza kwenda nyumbani, mtaa wa tatu tu. Lakini kuna mtu amekwama, na Mama Pacha amekula chakula cha jioni na habari za lifti kwa miaka kumi na moja. Yeye hakuwa akisinzia.

"Una ufunguo wa pembetatu?" alimuuliza binti.

"Wa nini?"

"Wa kufungulia mlango wa lifti kwa nje. Hukaa kwenye droo ya mapokezi, una kijitepe chekundu." Ulikuwepo. "Mwite fundi umeme wenu. Aende chumba cha mashine juu kabisa, azime umeme wa namba mbili, aishushe kwa gurudumu la mkono, taratibu, mpaka usawa wa ghorofa ya nne. Mlango asiuguse mtu mpaka iwe imefika usawa. Umesikia? Asiuguse mtu."

"Mama, wewe ni fundi?"

"Mimi nafua mashuka," alisema Mama Pacha, na akaanza kupanda ngazi.

* * *

Ghorofa ya nne aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Baba Pacha."

Kule ndani, juu kidogo ya kichwa chake, kitu kilianguka puu. Ni mumewe aliyeinuka kwa haraka akajigonga.

"Mama Pacha! Mke wangu! Saa ngapi?"

"Uko na nani humo?"

Mama Mkwe akaviunganisha viganja kifuani, akatikisa kichwa mpaka wigi likahama. Usiseme. Machozi yalikuwa yanamlenga, na sikatai kwamba yalikuwa ya kweli. Mwanawe akijua habari ya mashine, na pesa za dawa zile zote, atamtazama vipi tena?

Baba Pacha alimtazama mama mkwe wake. Akautazama mlango.

"Niko na... mtu."

"Mtu gani?"

"Mgeni wa hoteli. Tumekwama tu kwa pamoja."

"Mgeni mwenye kucha nyekundu, anayekuvuta kwa ukosi?"

"Alikuwa... ana haraka."

Mama Pacha alifumba macho. Juu kabisa gurudumu lilianza kulalamika, na lifti ikasogea chini upana wa kidole. Ikasimama. Ikasogea tena.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Nilitaka tuyaongee haya tumekaa, kwenye meza, kama watu. Nimeandaa maneno wiki mbili. Sasa nayaongea na bati. Humu mkobani nina bahasha—"

"Usiikubali hiyo kazi!" Baba Pacha alipiga kelele. "Nakuomba, usikubali!"

Mle ndani Mama Mkwe akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nimesema bahasha," Mama Pacha alisema kwa sauti ndogo mno. "Sijasema kazi."

Baba Pacha alimgeukia mama mkwe wake.

"Habari ya kazi hii nimemwambia mtu mmoja tu duniani." Akaukaribia ufa zaidi. "Mama?"

Mle ndani Mama Mkwe akajibana kwenye kona.

"Mama, uko humo ndani?"

Kutoka kwenye lifti namba mbili ikaja sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni:

"Abee."

Binti wa mapokezi, aliyekuwa amefika na ufunguo wake, aligeuka akatazama ukuta, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Watoto wangu wako wapi, mama?"

"Wako kwa... wifi yako."

Wifi! Wifi yule yule aliyesema mbele ya watu kumi na wawili kwamba pacha hawafanani na upande wao hata ukucha! Mwaka mzima Mama Pacha hajakanyaga kwake, na leo watoto wake wanakula huko.

Hakupiga kelele. Angepiga, ningesema ni afadhali.

"Na wewe ulijua ni mama," alimwambia mumewe. "Ukaniambia ni mgeni wa hoteli."

"Aliniomba nisiseme."

"Mimi mwaka huu nimekuomba kitu kimoja. Siku mbili bila lifti."

Gurudumu likalia. Upana wa kidole. Upana wa kidole.

"Kwa nini nisikubali?" aliuliza. "Niambie sababu moja, nakusikiliza."

Hapa, wasomaji wangu, kila mmoja wenu angemwekea Baba Pacha maneno mdomoni. Mwambie utamkumbuka! Mwambie nyumba haitakalika! Mtu ana nafasi moja, na mlango kati yao si mnene kuliko godoro.

"Watoto," alisema Baba Pacha. "Watoto watakaa na nani?"

Mama Mkwe alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Hilo ndilo lililokujia la kwanza," alisema Mama Pacha. Hakuuliza. Simu yake ikalia mkobani, akaitoa, akaitazama namba, akapokea. Wale wawili ndani wakasikia upande mmoja tu.

"Halo... Ndiyo, ndiye mimi... Ndiyo, nimefikiri. Nimekubali... Asante, asante sana." Akaulizwa jambo. "Yeye?... Hapana. Nimemsikia kwa masikio yangu. Amesema hapana."

Yeye nani? Baba Pacha alijiuliza. Nimesema hapana kwa nini?

"Mama Pacha? Yeye nani? Mke wangu?"

Hatua zilisikika zikienda, moja ina kiatu, nyingine haina.

* * *

Mlango ulipofunguliwa, ukumbi ulikuwa na binti wa mapokezi peke yake, na zulia. Juu ya zulia vimepangwa vitu vitatu, kwa unadhifu wa mtu anayekunja mashuka mia nne kwa siku: simu ya Baba Pacha, imezima. Saa yake ya mkononi. Na bahasha.

Saa ilisema saa sita na dakika nne.

Alitoa karatasi ya kwanza. Jina la cheo, jina la hospitali, saini ya mkewe chini, imenyooka haina mkia wowote. Akaishika mkononi. Ndiyo hivyo, amekwenda.

"Kuna nyingine nyuma," alisema Mama Mkwe, miwani ya kusomea tayari puani.

Karatasi ya pili. Mama Mkwe aliisoma kwa sauti, na kila mstari sauti ilizidi kupungua.

"'Hospitali ina lifti sita na inahitaji fundi wake mwenyewe. Mkeo aliyekupendekeza ameeleza ujuzi wako kwa undani uliotushangaza. Mkikubali wote wawili kabla ya saa sita mchana, mtapewa nyumba ya familia, vyumba vitatu, ndani ya uzio wa hospitali.' Mkwe wangu... hii mimi sikuonyeshwa."

Chini kulikuwa na mstari wa saini. Mahali pa fundi palikuwa peupe.

Jamani, mtu yule amesaini kila karatasi iliyowahi kuletwa mbele yake!

Chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Fundi asiwe na kosa lolote la usalama katika kazi zake.*

"Dakika nne," alisema Baba Pacha. "Zimepita dakika nne tu, ofisi yao haijafungwa. Mapokezi kuna simu."

"Ngazi!" Mama Mkwe alimsukuma mgongoni. "Ngazi, mwanangu, usisimame!"

Alishuka ngazi tatu tatu, bahasha mkononi, akampita mzee mwenye glasi, akampita mwanamke aliyebeba taulo za bwawa. Ghorofa ya chini aliteleza kwenye marumaru, akasimama wima, akaona.

Nje ya milango ya vioo, teksi. Buti wazi, begi lao la pamoja limeingizwa. Mama Pacha amesimama na mkono kwenye mlango wa gari, viatu vyote viwili miguuni sasa.

"Mama Pacha! Subiri! Nimeisoma! Nimeisoma yote!"

Aligeuka. Milango ya vioo ikajifungua yenyewe, hivyo baina yao hapakuwa na kitu tena, ni hatua kumi tu za marumaru.

Na katikati ya hatua zile kumi akaingia Meneja.

Suti imenyooka, uso umenyooka zaidi. Nyuma yake wageni wa kasino wametoka na vikombe vyao kutazama, maana habari ya watu waliokwama imeshafika kwenye mashine, na hata dada mgonjwa ameacha kiti. Meneja alikuwa na karatasi ya ukaguzi mkononi, ameinua juu kila mtu aione.

"Bwana fundi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama mtu asiyemjua, kama asiyewahi kusimama chini ya lifti na kalamu. "Wageni wangu wamekaa humo zaidi ya dakika arobaini bila kengele. Mimi sitabeba mzigo huu. Mbele ya watu wote hawa, nijibu. Saini hii ni yako?"

Akisema ndiyo, kosa la usalama limeandikwa, na ile nyumba ya vyumba vitatu imekwenda kabla hajaishika simu.

Akisema siyo, yuko mtu mmoja pale mlangoni mwa teksi anayeujua mkia wa saini ile kuliko sura yake mwenyewe, na leo ameshagundua uongo wake mara mbili.

Dereva aliwasha gari. Mama Pacha hakuingia. Alisimama, mkono juu ya mlango, anasikiliza.

Baba Pacha akafungua mdomo. Nami nafunga wangu mpaka wiki ijayo.